Uradi wa Herufi Q

Jamani, uso wangu umebaki Sidab. Mimi nimerudi kwetu Bawshar bila yake.

Naandika bado nimevaa kanzu ya kuposea, kilemba kimekwenda upande. Nasema mwenyewe kabla dada yangu Maisara hajakusimulieni, maana yeye akisimulia huongeza sauti na mikono.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza sekondari, nikaingia nyumbani, nikafunga mlango. Kazi yangu ya kupokea oda za mapazia naifanya kwa simu, nimelala chali. Mama akitaka kunisifu kwa wageni husema, "Seif wangu hana matembezi." (Hana matembezi! Hata friji naifuata nikiwa na dhiki.)

Sasa mtu kama huyo anaoaje?

Maisara anasomesha skuli moja na binti anaitwa Zuwena, mwalimu wa Kiingereza. Nilimwona siku nilipokwenda kumchukua Maisara, gari lake lilikuwa gereji. Zuwena alikuwa langoni anabishana na mlinzi kuhusu paka aliyeingia skuli. (Alikuwa upande wa paka.) Basi, ni hayo tu. Nikarudi nyumbani nikalala pale pale pangu, usingizi ukanikataa.

Nikamtuma Maisara akanichunguzie. Akarudi na jibu huku anatafuna ubani.

"Hana mchumba. Lakini kaka, baba yake mgumu, keshawarudisha watu. Na yeye mwenyewe hapendi mwanamume anayekaa kimya kama mzigo."

"Anapenda nini?"

"Maneno. Kuna ule mchezo wa vibao vya herufi, wa kuunga maneno ya Kiingereza, hamna anayemshinda. Anasema watu wote wakipata Q bila U mkononi hukata tamaa. Kasema, mwanamume anayejua la kufanya na Q isiyo na U, huyo anaweza akakaa naye akazungumza."

Alisema kwa mzaha. Mimi nikalichukua kama sharti la mahari.

Kwa wasiojua: kwenye Kiingereza, Q haitoki nyumbani bila U nyuma yake. Wanakwenda pamoja kila mahali, kama mama na mkoba wake. Lakini yapo maneno machache, ya ajabu, ambayo Q imejitokea peke yake. Nikayatafuta kwenye simu. Nikayapata. Nikacheka peke yangu chumbani.

Maana karibu nusu yake ni ya kwetu! Qadi, ni kadhi. Faqir, ni fakiri. Suq, ni soko. Niqab haihitaji maelezo. Qanat ni mfereji wa maji wa chini kwa chini, falaji hizi hizi zilizotunyweshea mitende. Waingereza wamepita, wamekusanya, wamekwenda nayo kwao, na mimi nimekaa Bawshar nayasoma kama maneno ya kigeni. Yaliyobaki ndiyo yalikuwa na kazi. Umiaq, mtumbwi wa ngozi wa watu wa kwenye barafu. Qiviut, sufu laini ya mnyama mmoja kama ng'ombe aliyevaa zulia. Qwerty, ambayo ni ule mstari wa juu wa herufi kwenye kibodi, umepewa cheo cha neno.

Sasa nisahau vipi? Akili yangu inashika bei za mapazia tu. Kwenye mtoto wa meza nikaona tasbihi ya kidole, ile ya kubonyeza, yenye kioo kidogo cha namba. Nikaivaa. Kila neno nikilisema, nabonyeza. Wiki nzima, asubuhi na jioni, natembea kibarazani midomo inacheza: faqir, kli. Qadi, kli. Na Q zangu nazitoa kooni sawasawa, si nimesoma Kurani chuoni mie.

Kosa langu ni moja. Sikujiuliza mtu akiwa upande wa pili wa mlango anasikia nini.

Leo Ijumaa, baada ya Alasiri, tukatoka. Ami Khalfan, mdogo wake marehemu baba, ndiye dereva na ndiye msemaji wa posa. Mama amekaa mbele, mimi na Maisara nyuma. Mpango ulikuwa huu: wanawake wataingia ndani, wanaume tutakaa sabla, ukumbi wa wageni wa mbele. Baada ya kahawa, mambo yakienda vizuri, Zuwena ataletwa akae mbele ya baba yake, tuonane, tusemezane kidogo. Kidogo hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Nikavaa tasbihi yangu nikaanza kurudia masomo.

Mama akageuka. Machozi yanamlengalenga.

"Usiache, mwanangu. Endelea."

"Niendelee na nini, mama?"

"Unamficha nani? Mimi si nakusikia wiki nzima? Ulimi haukauki kwa dhikri. Nimemwambia mama yake Zuwena kwenye simu, nikamwambia, mwanangu nyinyi hamumjui, huyo ana uradi wake asubuhi na jioni, hauachi hata akila."

Nikatazama Maisara. Maisara alikuwa amejiziba uso kwa shela, mabega yanatikisika.

"Mama," nikaanza.

"Na hilo ndilo lililotufungulia mlango," akadakia Ami Khalfan. "Baba yake, Mzee Humud, alikuwa keshasema hapana. Mtu wa sekondari, anauza mapazia kitandani! Aliposikia habari ya uradi, akasema basi, mtu kama huyo mleteni nimwone."

Mngeniambia nini nyinyi hapo? Gari lipo barabarani, halwa ipo mapajani kwa mama, na mama kafurahi kuliko siku aliyokwenda Hija. Nikafunga mdomo. Tukapita Maskati, majumba ya serikali yote meupe yananitazama, tukapanda mlima, tukashuka Sidab. Nikajiambia: nitakaa kimya, nitakunywa kahawa, nitaonana na binti, nitarudi. Dhikri mtu haulizwi.

(Dhikri mtu anaulizwa.)

Mzee Humud katupokea mlangoni. Mrefu, ndevu nyeupe, anasema polepole kama mtu anayepima maneno kwa mizani. Ndani ya sabla tukamkuta jirani yake, Mzee Nasor, wa makamo ya juu kabisa, sikio moja limestaafu. Upande wa ndani kuna mlango una pazia, nyuma ya pazia ndiko walikoingia mama na Maisara. (Pazia lenyewe fupi, halifiki chini. Nilinyamaza. Sikuja kuuza.)

Tende, halwa, kahawa. Na mimi nikiwa na khofu, kidole hujisahau.

Kli.

Mzee Humud akatazama mkono wangu.

"Mashallah."

Nikauficha chini ya mkunjo wa kanzu. Akageuka kwa Mzee Nasor: "Umeona? Anaificha."

"Anaumwa?"

"Anaificha ibada yake! Hataki watu waione."

"Aaa. Watu wa zamani ndio walivyokuwa."

"Si kitu, mzee," nikasema. "Ni mambo madogo tu."

"Mambo madogo, anasema!" Mzee Humud akatikisa kichwa kwa furaha. Akanikamata mkono kwa upole, akasoma namba kwenye kioo. "Elfu na ushei, na jua halijatua. Na sisi tumekaa hapa tunakula halwa. Kakupa nani uradi huu, kijana?"

"Nimeupata... kwenye simu."

"Hata simu ukimpa mtu mwema anatoa kheri ndani yake."

Wallahi kila nilipokataa nilipanda daraja. Ningekaa pale mpaka Isha wangenijengea kuba. Ami Khalfan ananikonyeza: nyamaza, tunashinda. Na kweli tulikuwa tunashinda. Mzee Humud akapaza sauti kidogo kuelekea kwenye pazia.

"Mwambieni Zuwena ajitayarishe. Tukimaliza kusali Maghrib atakuja. Na leo," akaniwekea mkono begani, "atatusalisha Seif."

Jamani.

"Hapana, mzee. Nyinyi ndio wakubwa."

"Sisi wakubwa wa miaka. Wewe ndiye wa mbele."

Sikilizeni. Kusalisha najua. Wala nisingekosea. Ningesimama, ningesalisha, ningetoa salamu, Zuwena angeletwa, na mambo yangekwisha kwa kheri. Hakuna ambaye angejua ila Maisara, na Maisara ana bei yake. Lakini kunyamaza kwenye gari ni jambo moja, na kunyamaza huko huko nikasimama nako mbele ya safu ya watu wazima wanaoniamini ni jambo jengine. Nikaona miguu yangu haitonyanyuka.

"Mzee Humud," nikasema. "Mimi siye huyo."

"Siye nani?"

"Huyo mliyeambiwa. Na mama hakudanganya, kadhania. Hii si dhikri."

Ami Khalfan akaweka kikombe chini kwa namna ambayo bado naisikia.

"Si dhikri," akasema Mzee Humud, pole pole. "Ni nini?"

"Maneno ya Kiingereza. Yenye Q bila U."

Mzee Nasor akainamisha lile sikio linalofanya kazi.

"Yenye nani bila nani?"

"Q, mzee. Bila U."

"U kenda wapi?"

Nikaeleza. Mchezo wa vibao, binti yenu anavyosifiwa kwa huo, mimi kutokuwa na la kusema mbele za watu. Nilivyozidi kueleza nilizidi kupungua. Mzee Humud akasogeza kikombe chake pembeni.

"Hebu tuyasikie," akasema.

"Yote?"

"Yote. Na sauti uitoe, Mzee Nasor asikie."

Nikasimama. (Msiniulize kwa nini nilisimama. Skuli hiyo.) Mikono nyuma, nikayatoa kama nilivyoyahifadhi, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani.

"Suq! Niqab! Faqir! Qat! Qadi!"

Mdomo ulikuwa umeshapata mwendo. Ubongo ukaona kinachofuata, ukapiga kelele simama. Mdomo haukusikia.

"TALAQ!"

Nyumba ya watu. Nimekuja kuposa. Nimesimama katikati ya busati lao, natangaza talaka.

Nyuma ya pazia kitu cha udongo kikaanguka, na sauti ya mama ikasema, "Toba, ya Rabbi." Ami Khalfan kajifunika uso kwa viganja viwili.

"Talaka," akasema Mzee Humud, "ni Kiingereza tangu lini?"

"Waliichukua, mzee. Imo kwenye kamusi yao."

"Wamechukua mpaka talaka?"

"Mpaka mirungu, mzee. Hiyo qat ndiyo mirungu."

Hapo Mzee Nasor akapiga paja lake. "Ngoja, ngoja, mie nimefahamu! Mtu kenda sokoni. Si ndiyo? Kamwona mwenye nikabu. Naye fakiri. Tena mla mirungu. Wakafikishana kwa kadhi, katoa talaka." Akamgeukia Mzee Humud kwa ushindi. "Nnamjua mie huyo! Alikaa nyuma ya msikiti!"

Mzee Humud akafungua kinywa kumjibu. Akakifunga. Ndevu zikaanza kutikisika. Akatazama dari, akatazama dalla, birika la kahawa, haikusaidia. Na kabla yeye hajacheka, nyuma ya lile pazia fupi kikatoka kicheko ambacho si cha mama wala cha Maisara. Kicheko cha mtu aliyekuwa anakizuia tangu zamani na sasa kimemshinda.

"Baba," ikasema sauti hiyo, "muulize na maana zake. Kukariri kila mtu anaweza."

"Muulize wewe," akasema Mzee Humud, anafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mimi sina nguvu. Ingia, usimfanyie mtu mtihani nyuma ya pazia."

Akaingia. Kavaa shela ya kijani, kakaa karibu na baba yake, kanitazama kama alivyomtazama yule mlinzi. Mimi bado nimesimama.

"Umiaq?"

"Mtumbwi wa ngozi. Wa watu wa barafuni. Wapiga makasia walikuwa wanawake."

"Na wanaume?"

"Hawajaandika. Labda walikuwa wamelala."

(Nilikuwa nasema habari zangu. Nadhani alijua.)

"Qiviut?"

"Sufu ya chini ya manyoya ya yule ng'ombe wa baridi. Laini, ghali. Ukiifanya pazia, utauza nyumba."

Akabana midomo. "Qanat?"

"Falaji ya chini kwa chini. Hapo wangetuuliza sisi."

"Na talaq?"

Hata Mzee Nasor kasikia.

"Hiyo maana yake sikuisoma," nikasema. "Nilidhani sitoihitaji."

Wallahi sikuipanga. Ilitoka kwa sababu ilikuwa kweli, kwenye simu niliipita haraka nikihofia mkosi. Zuwena akatazama chini. Maisara nyuma ya pazia akatoa sauti kama birika.

Ikaadhiniwa Maghrib.

Mzee Humud akanyanyuka, akatengeneza kilemba, akasimama mbele mwenyewe. Mimi nikatafuta nafasi ya nyuma kabisa, pembeni, karibu na viatu. Tuliposalimiana kuondoka hakusema ndiyo, hakusema hapana. "Tutapigiana simu" ndilo neno lake. Hilo neno mnalijua. Mimi mwenyewe huwaambia wateja ambao sina kitambaa chao.

Tukaingia garini. Mama hakugeuka mpaka tulipoipita Maskati yote.

"Wiki nzima," akasema kwa dirisha. "Nakuwekea asali mlangoni, koo lisikukauke."

"Nisamehe, mama."

"Nimekuombea uzidishiwe. Usiku wa manane nimenyanyua mikono nimekuombea uzidishiwe." Akavuta pumzi. "Kumbe nakuombea mirungu."

Ami Khalfan ikabidi aweke gari pembeni. Kacheka mpaka akashika usukani kama mtu anayezama, mama akacheka kwa hasira, Maisara ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nafikiria shela ya kijani, na kwamba nimeshaikosa.

Tulipofika nyumbani hata kilemba sijavua, simu ya Ami Khalfan ikalia. Mzee Humud. Ami akaweka sauti ya nje, akasimama wima kana kwamba anaonekana.

"Khalfan. Yule kijana wenu."

"Tunakuombeni radhi, Mzee Humud. Ni mtu wa ndani sana, hajazoea watu."

"Sikiliza. Mwongo angetusalisha. Angesimama mbele na sisi tungemfuata, wala tusingejua. Wewe ungeweza kukataa, binti yuko nyuma ya pazia na mlango umeshafunguliwa?"

Ami akafikiri. (Alifikiri muda mrefu kuliko nilivyopenda.) "Sijui," akasema.

"Basi hata mie sijui. Mleteni Ijumaa ijayo tuzungumze vizuri. Na hicho kidude cha kidoleni akiache huko huko."

Mama kapiga kigelegele kabla simu haijakatwa. Mzee Humud naamini kakisikia, na pengine na Mzee Nasor.

Halafu Maisara akaja kunionesha simu yake, kaishika mbali nisimnyang'anye. Ujumbe wa Zuwena: "Mwambie kaka yako kuna neno moja kalisahau. Tariqa. Q ipo, U haipo. Maana yake njia. Na ya kuja Sidab keshaijua."

Nimeusoma. Nimeusoma tena. Nimekaa sakafuni kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Sasa ombi langu kwenu ni dogo. Chekeni leo, chekeni na kesho, mmalize kabisa, kwa sababu inshallah kadi za harusi nitakuleteeni mwenyewe kwa miguu yangu, na mtu nitakayemwona meno nampa kadi bila anwani.